Mtumba Usiofunguliwa

Nilimwonyesha Shangazi picha ile siku ya Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku pekee anayoketi. Ilikuwa picha ya banda lililojengwa kwa mitumba ya nguo, limesimama kwenye uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri. Nikamweleza kwamba hiyo ni kazi ya sanaa, imeundwa na Wakenya wenzetu na kuonyeshwa Ujerumani. Akavaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu, midomo ikimchezacheza. Kisha akauliza maswali mawili: "Ni gredi gani?" na "Mbona hawajaifungua?"

Nilicheka, nikamwambia sanaa haina gredi. Baadaye niliandika insha ndefu ya darasani kuhusu kazi hiyohiyo, nikatumia maneno makubwa na kupata alama nzuri. Lakini maswali ya Shangazi sikuyagusa popote katika kurasa zile, na kadiri siku zinavyopita ndivyo ninavyoona kwamba yeye aliihakiki kazi ile vizuri kuliko mimi. Hapa najaribu kumjibu.

Kazi yenyewe inaitwa Return to Sender, yaani rudisha kwa aliyetuma. Walioiunda ni The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi lililoanzishwa mwaka 2012, ambalo wengi wetu tulilijua kupitia Stories of Our Lives, filamu ya mwaka 2014 iliyopigwa marufuku hapa nyumbani huku ikishangiliwa kwingine. Mwaka 2022 walialikwa kwenye documenta, maonyesho ya sanaa yanayofanyika katika mji wa Kassel kila baada ya miaka mitano na kudumu siku 100. Mwaka huo yalisimamiwa na ruangrupa, kundi la wasanii kutoka Jakarta, na washiriki wengi walitoka nchi za Kusini. Hoja waliyokwenda nayo wenzetu ilikuwa nyepesi kuielewa: nguo ambazo Ulaya inaziondoa kabatini hazipotei, huja kutua kwetu. Wakajenga banda ambalo kuta zake ni mitumba iliyofungwa kwa mikanda, wakaonyesha ndani yake filamu inayoieleza biashara hii na madhara yake, na banda lenyewe wakalisimamisha katika bustani ya Karlsaue, mahali ambapo watu wa mji huo hutembea kupunga hewa.

Sijafika Kassel. Kazi hii nimeiona kwa picha na vipande vya video, kama walivyoiona wengi wa watakaosoma makala hii, na ndiyo maana nitazungumzia zaidi zile kuta. Filamu huisha, mtazamaji akaondoka. Kilichosambaa duniani ni picha ya kuta.

Mgala muue na haki umpe. Picha nyingi za uchafuzi unaoletwa na nguo hupigwa kwetu: jaa la Dandora, moshi, korongo, mtoto aliyebeba gunia. Picha hizo humwacha mtazamaji wa Ulaya akiwa mbali na salama, na mwishowe ni kama uchafu wenyewe ni sisi. Nest waliiondoa Dandora, wakamwondoa na yule mtoto, wakaacha nguo peke yake. Katika ukuta ule hamna Mwafrika wa kuhurumiwa. Kuna mikono ya sweta na pindo za suruali zilizobanwa pamoja, zinazofanana na alizovaa huyo anayezitazama. Yeye ndiye anayepaswa kujieleza. Kwa hilo peke yake, kazi hii inastahili sifa iliyopata.

Kazi ikiwa na nguvu kiasi hiki, mbona hawajaifungua?

Shangazi anauza blauzi za kike Gikomba. Ada yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye kibanda chake, na likizo zangu nyingi niliziishia hapo, kwa hiyo naijua alfajiri ya kufungua mtumba. Hamali hufika saa kumi na moja, kilo 45 mgongoni, anautua chini unatoa kishindo. Kwa nje umeandikwa aina ya nguo, basi. Huruhusiwi kuupekua kabla ya kulipa, na ukishakata mkanda ni wako. Hata ukikuta matambara matupu, humrudishii mtu. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila mbuzi huyu wa Gikomba hununuliwa kila wiki, na gunia ni lilelile.

Shangazi huvuta kigoda, hushika kisu, hunyamaza. Sijamwona akiomba kwa unyofu ule hata kanisani. Mkanda unakatika, nguo zinafura kama unga uliotiwa hamira, harufu ya dawa na ya sabuni za nyumba za watu inajaa kibandani. Halafu mikono inaanza. Kwanza hutoa kamera, yaani nguo zilizo kama mpya, zisizo na doa wala uzi uliochomoka. Wateja wa kamera, wenye maduka ya mtaani na wasichana wanaouza kupitia Instagram, huwa wameshamzunguka, kila mmoja ameshika chake kifuani. Zinafuata za daraja la pili, kisha la tatu. Kinachobaki chini ni fagia, na jina lenyewe linajieleza. Waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza ni kama walikuwa wamesimama pale: kamera huondoka kabla ya jua kuchomoza, fagia hupigiwa kelele hadi jioni, shilingi hamsini, ishirini, kumi.

Hesabu yote ya kazi hii imo ndani ya mtumba. Kamera ndiyo inayorudisha mtaji, daraja la pili ndilo linaloleta faida, na fagia ndiyo hasara. Kwa miaka mingi mizani hiyo ilimlisha Shangazi na mimi. Siku hizi inamwangusha, na anayeiangusha ni fasheni ya chapuchapu.

Hili halisemwi vya kutosha. Biashara ya mitumba ilijengwa juu ya nguo zilizoshonwa zidumu. Blauzi ikiwa na mshono imara na kitambaa kizito, mwenyewe wa kwanza huichoka kabla haijachakaa, na ule uhai uliosalia ndio unaouzwa Gikomba. Lakini nguo ya kuvaliwa mara nne tano ikatupwa haibakizi uhai wa kumuuzia mtu. Kitambaa chake ni chepesi, mshono umeshikwa na nyuzi chache. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, na poliesta hutokana na mafuta ya petroli. Mara nyingi hufumwa pamoja na pamba katika kitambaa kimoja, na mchanganyiko huo ni mgumu mno kutenganishwa ili utumike upya. Blauzi ya aina hiyo ikifika kwa Shangazi, maisha yake ya kwanza yameshakula na ya pili. Yeye hana haja ya ripoti ili ajue. Anaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, anasonya, anairusha upande wa fagia.

Mtumba uliofungwa hausemi lolote kati ya hayo. Ukiwa umefungwa, kamera na tambara ni kitu kimoja: uzito. Mtazamaji wa Kassel anaona wingi, na wingi humtia mtu haya kwa muda. Haoni hukumu inayopitishwa juu ya kila nguo, wala ujuzi wa mkono unaoipitisha, wala pesa ambazo mwenye mkono huo alikwisha kuzitoa kabla ya kujua alichonunua. Mitumba ikipangwa kama matofali, nguo zote huwa taka, na wanaoziuza huwa watu waliotupiwa taka wakanyamaza.

Tatizo linaanzia kwenye jina la kazi. Aliyetuma ni nani? Barua hutumwa, kifurushi hutumwa, na kisipotakiwa hurudishwa bila ugomvi mkubwa. Mwaka huohuo wa 2022 shirika la Greenpeace lilitoa ripoti kuhusu nguo hizi Kenya na Tanzania, likaziita zawadi zenye sumu. Posta na zawadi ni tamathali mbili tofauti zenye kosa moja. Sisi hatukutumiwa nguo hizi, wala hatukupewa. Tuliuziwa.

Fuata suruali moja. Mtu wa Kassel anaitia kwenye sanduku la msaada, anaondoka moyo mweupe. Aliyeikusanya anaiuza kwa kilo. Mchambuzi anajitolea zilizo bora kwa ajili ya maduka ya nguo kuukuu ya Ulaya kwenyewe, zinazobaki anazikandamiza kwa mashine, anafunga mikanda na kuziuza kwa kilo. Mwagizaji anazipokea Mombasa, muuza jumla anazipokea Nairobi, na kote huko kinachouzwa ni mtumba uleule uliofungwa. Anayekuja kuufungua ni Shangazi. Kwake ndiko kilo zinakogeuka kuwa nguo moja moja, na ndiko baadhi ya hizo nguo zinakogeuka kuwa taka. Kabla ya kumfikia yeye, hata tambara lilikuwa na bei. Yeye ndiye wa kwanza kulikuta halina bei, akiwa ameshalilipia. Kisha humlipa mwenye mkokoteni alichukue.

Linakwenda wapi? Sehemu huishia Dandora, jaa ambalo zaidi ya miaka 20 iliyopita lilisemwa limejaa na hadi leo linapokea. Sehemu huishia jikoni: karibu na soko nimewaona wachoma njugu wakichochea moto kwa vipande vya nguo, na moshi wa kitambaa chenye plastiki ukipanda kwenye sufuria ya chakula cha watu. Sehemu huishia mtoni. Gikomba imekaa ukingoni mwa Mto Nairobi, na mahali pengine ukingo wenyewe umekuwa tabaka la nguo na tabaka la udongo, unakanyaga pakinepa kama godoro. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, miti iliyoinamia maji ilikuwa imevaa soksi, sidiria na vipande vya fulana. Mto huo huingia Athi, mbele ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Pamba ingeoza njiani. Poliesta haiozi, husagika tu, ikawa chembechembe zisizoonekana, zikaendelea na safari.

Kuhusu wingi wa taka hizo, wenye takwimu hawajapatana. Mwaka 2019 Kenya iliagiza tani zipatazo 185,000 za nguo kuukuu. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets, pamoja na Clean Up Kenya, lilikadiria kwamba kila mwaka nguo zaidi ya milioni 300 za nyuzi za plastiki, zilizoharibika au zisizouzika, huingia nchini. Wafanyabiashara wa mitumba walikanusha, wakasema taka katika mizigo yao ni kidogo sana. Nimezisoma hoja za pande zote mbili, na naona zinagombania neno. Blauzi iliyouzwa shilingi kumi, ikavaliwa wiki mbili, ikapasuka kwapani, ni nguo au ni taka? Anayehesabu mauzo ataiita nguo, anayehesabu jaa ataiita taka. Soko lina jina la tatu. Fagia ni kitu ambacho bado kinaweza kuuzwa lakini kimeshaanza kuwa taka, na hapo katikati ndipo fasheni ya chapuchapu inaposukumia bidhaa zake. Ripoti hazina safu ya fagia. Ukuta wa Kassel pia hauna.

Mtu anaweza kuniambia kwamba sanaa si daftari la hesabu, na kwamba kauli ya kurudisha mzigo inatosha kwa ukali wake. Ningekubali kama kauli hiyo haijawahi kujaribiwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Marekani ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, na Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ilishikilia. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kupata manufaa ya mpango huo. Mtu akikutumia kifurushi hakuadhibu kwa kukikataa. Mwenye biashara hukuadhibu, na ndiyo sababu ya mimi kushikilia neno kuuza.

Nyumbani kwetu tuliwahi kuishi ndani ya kauli hiyo. Machi 2020 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba kwa hofu ya korona, na haikuiondoa marufuku hadi Agosti. Mizigo ilipokwisha madukani, Shangazi alifunga kibanda, akauza kitenge chake kizuri, akakopa kwenye chama. Mzigo haukuja, na mto haukuwa safi zaidi. Tangu hapo siwezi kusikia "rudisha" bila kuuliza: urudi kwa gharama ya nani?

Mimi pia si msafi. Nilipomaliza shahada ya kwanza niliagiza gauni jipya mtandaoni, kutoka China, kwa bei ndogo kuliko ya blauzi ya kamera kibandani kwa Shangazi. Sikumwambia. Nilililivaa mara mbili, zipu ikaachia. Likakaa sandukuni mwaka mzima, kwa sababu nilijua likitoka tu litakwenda kule ambako nimekueleza. Siku aliyoliona alilisugua kwa kidole gumba na cha shahada. Hakusonya hata. Alisema, "Mwanangu, hii imezaliwa fagia." Nguo haikupita Ulaya, haikupita kwenye mtumba, na aliyetuma nilikuwa mimi niliyebonyeza simu.

Kwa hiyo ningeibadilisha hoja ya Nest, bila kuitupa. Swali la kuuliza ni nani anayelipia fagia, kabla hata ya kuuliza mzigo urudishwe kwa nani. Ufaransa ina sheria tangu mwaka 2007 inayowataka wanaoweka nguo sokoni wachangie gharama za kuzishughulikia zikishatupwa. Ni wazo zuri, lakini mchango huo kwa sehemu kubwa hulipia ukusanyaji na uchambuzi kulekule, na nguo huvuka bahari bila pesa yake. Kenya nayo, katika sheria ya taka ya mwaka 2022, imeweka wajibu kwa mzalishaji. Katika mlolongo mzima wa nguo, lakini, ninayemjua mimi kwa jina kuwa anailipia fagia ni mwanamke mmoja aliyeketi kwenye kigoda. Kazi ya sanaa yenye jina kali kiasi hiki ilipaswa kumfikia.

Nadhani ingeweza, na bila kujengwa upya. Maonyesho yalidumu siku 100. Kila asubuhi mtumba mmoja ungetolewa ukutani na kuwekwa kwenye nyasi. Mgeni wa siku hiyo angelipa kwanza, bei ya Gikomba, bila kupekua. Kisha angepewa kisu na kigoda. Angekata mkanda, angechambua, angetafuta mteja wa kila nguo kati ya wapita njia wa bustani ile, na jioni kile kisichouzika angekipeleka kwake nyumbani. Mitumba ikiendelea kutolewa hivyo, ukuta ungekuwa unapungua siku hadi siku, na watu wa Kassel wangejifunza maana ya fagia kwa mifuko yao. Wakati huo swali la gredi ningeweza kulijibu.

Jumapili iliyopita nilimweleza Shangazi wazo hilo. Alikuwa amenyoosha miguu juu ya stuli, amefumba macho, nikadhani hanisikii. Nilipofika kwenye kulipa kwanza bila kupekua, alifumbua jicho moja.

"Hao watalia," akasema.

Kisha, baada ya muda: "Lakini si wangeniita? Kufungua ningewafungulia mimi."